Motlatsi Miongoni mwa Walio Hai

Kigango chetu hakina kengele. Kina kipande cha plau kilichoning'inizwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya mlango, na kwa miaka mingi aliyekigonga kila alfajiri, theluji iwepo isiwepo, ni Mamotlatsi Letuka. Wala hakukigonga kwa upole. Nyumba yangu iko chini kidogo ya kanisa, kwa hiyo nimemlaani mama yule mara nyingi kabla hata sijasema "Kwa jina la Baba". Mungu anisamehe, lakini na yeye anaijua baridi ya Juni huku milimani.

Mimi naitwa Mathuso. Kwetu mwanamke akiolewa, wakwe humpa jina jipya, na jina lenyewe ni la mtoto ambaye hajazaliwa. Unaingia kwa mumeo leo, kesho unaitwa mama wa fulani, halafu ni juu yako kumleta huyo fulani. Mimi Thuso wangu nilimleta kwa kuchelewa, nikasemwa sana. Mamotlatsi alimleta Motlatsi mwaka ule ule wa kwanza, na baada yake hakupata mwingine. Mumewe alirudi kutoka migodini na kifua kilichojaa vumbi, akafa mtoto akiwa bado anachunga wanakondoo. Mama na mwana wakabaki wawili katika ile nyumba ya mawe, wakigombana kutwa kwa sauti za juu, maana yule kijana hakujua kunong'ona. Akiwa mtoni akiimba, sisi tulio mlimani tulijua anaimba nini na wapi amekosea.

Katekista wetu alipofariki, parokia haikupata wa kumrithi. Padre huja kwa farasi mara moja kwa mwezi, na mto ukijaa haji kabisa. Siku nyingine zote, sala ya asubuhi ikabaki mikononi mwa akina mama wa Mtakatifu Ana, nao, kama kawaida ya kazi isiyo na sifa, wakamwachia mmoja. Mamotlatsi aliwasha mshumaa, akasoma somo la siku, kisha akatuambia lile lililomgusa au lililomuudhi. Hakuwa mhubiri. Alibishana na mitume kama majirani zake.

"Petro huyu," alisema siku moja, "mdomo wake humtangulia kila mara. Kama Mathuso." Watu wakacheka, na mimi nikacheka kwa shingo upande.

Baada ya tafakari yalikuja maombi. Tuliwaombea kwanza walio hai, tena kwa majina: wagonjwa, wasafiri, watoto walio shuleni bondeni. Kisha tuliwaombea marehemu, nao kwa majina, na hapo tulimalizia kwa ile sala ya raha ya milele. Mamotlatsi ndiye aliyetaja. Na kila siku ya Mungu, kwa karibu miaka minane, miongoni mwa walio hai alimtaja Motlatsi Letuka aliye safarini, ili Bwana amrudishe salama. Sisi tukaitikia, "Ee Bwana, utusikie."

Motlatsi hakuwa safarini. Hilo tulilijua sote.

Alikwenda upande wa pili wa mpaka, kwenye machimbo ya dhahabu yaliyofungwa, yale ambayo wanaume wetu hujipenyeza ndani bila kibali na kukaa chini miezi bila kuona jua. Alikwenda na baba yake mdogo, Sekhobe. Aliyerudi ni Sekhobe peke yake, amekonda, anakohoa, na begani amebeba blanketi la Motlatsi, ambalo kijana alikuwa ameliacha juu kwa mama mmoja anayewapikia wachimbaji. Nilikuwepo alipoingia uani. Mamotlatsi alikuwa anachambua njegere. Hakusimama.

"Mwamba ulianguka kati yetu, shemeji," Sekhobe alisema. "Mimi upande huu, yeye upande ule. Nilimwita mpaka sauti ikaniisha."

"Akajibu?"

"Hakujibu."

"Ulimwona amekufa?"

"Shemeji, mawe yale..."

"Nimekuuliza kama ulimwona."

"Sikumwona."

"Basi usinizikie mtu," alisema, akalichukua blanketi, akaenda kulitandika kwenye kitanda cha mwanawe. Tangu siku hiyo alimsalimu Sekhobe kwa sababu adabu inataka hivyo, lakini hakumsamehe kwa kurudi.

Wazee wa ukoo walitaka blanketi lizikwe, kama inavyofanyika mwili usipopatikana, ili kijana apumzike na nyumba ipate kulia. Mamotlatsi aliwafukuza kwa maneno. Aliwaambia kwamba anamtumaini Mungu, na kwamba wao wanataka nyama ya mazishi. Baadhi yao, kusema kweli, nyama walikuwa wameshaipigia hesabu.

Na sisi tulimheshimu. Tulisema, tazameni imani ya mwanamke huyu. Mapadre wageni walimtaja kwenye mahubiri yao. Tulipokosa mvua tulimwomba yeye atangulie kusali, kwa sababu tuliona kwamba mtu anayeweza kungoja vile lazima Mungu anamsikiliza. Ilikuwa raha kuwa na mtu kama yeye kigangoni. Ila aliyekaa pembeni yake kwenye benchi, hakuna aliyemtazama.

Huyo ni Malipuo, mke wa Motlatsi. Aliolewa baada ya Pasaka, na majira ya baridi hayajaisha mumewe akaondoka. Walikaa pamoja muda mfupi sana, hata mimba haikupata nafasi ya kuingia. Jina la Malipuo, mama wa Lipuo, alipewa na Mamotlatsi mwenyewe, kwa furaha, siku ile ya kumpokea. Lipuo hakuja. Lakini jina lilibaki, nasi tukamwita hivyo asubuhi na jioni. Kisimani walikuwepo wanawake wenye midomo michafu waliomchokoza.

"Malipuo, Lipuo hajambo?"

Mwanzoni alikuwa analia. Baadaye alijifunza kujibu. "Hajambo," alisema huku akitwika ndoo yake, "anawauliza nyinyi mtaacha lini umbeya."

Hakuwa mjane, kwa hiyo hakuvikwa kitambaa cheusi. Na kwa kuwa hakuvikwa, hakuna siku ambayo angevuliwa. Hakuwa mke wa mtu aliyepo, wala hakuwa huru. Alimpikia mama mkwe, alimlimia, alikwenda naye kanisani, na kila majira ya mvua yakikatika kidogo alilifua lile blanketi na kulianika ukutani, ili mwenyewe akirudi alikute safi.

Kisha akaja Khethisa. Ni mjenzi wa nyumba za mawe kutoka bonde la pili, mtu mpole, mkewe alifariki zamani bila kuacha mtoto. Alikuja kutengeneza ukuta wa kanisa uliokuwa unatoa tumbo. Kazi ya ukuta ule ingemalizwa upesi, lakini Khethisa aliona mawe mengi hayajakaa sawa. Malipuo ndiye aliyempelekea uji wa mtama. Niliyaona macho yao, na sikuyasema popote, jambo ambalo kwangu mimi ni muujiza.

Wangeweza kuondoka tu. Wengine huondoka. Lakini Malipuo ni mmoja wa akina mama wa Mtakatifu Ana, hakutaka kuishi bila komunyo, na Khethisa hakutaka kumwiba mke wa mtu. Walikwenda kwa padre, wakamweleza. Padre Mohapi akawaambia kwamba askofu anaweza kutamka kuwa mume amefariki, na mwanamke akawa huru kufunga ndoa, lakini ni lazima ajiridhishe kwanza. Atataka ushahidi. Sekhobe atasema aliyoyaona. Na mama mzazi atasema anachokiamini moyoni mwake.

Padre alifika kwa Mamotlatsi siku ya mvua, buti zake zimejaa matope. Nilikuwa nimepeleka maziwa, na nilipoona mambo yanaanza, nikakumbuka kwamba magoti yananiuma, nikakaa.

"Mme," padre alisema. Hata mapadre humwita hivyo, yaani mama, kama sisi. "Sikuulizi kama ulimwona. Nakuuliza unaamini nini."

"Namwamini Mungu Baba Mwenyezi."

"Hilo nalijua."

"Naamini ufufuko wa miili. Na naamini mwanangu yu hai. Andika hayo matatu."

"Mawili nayajua, yamo katika Kanuni ya Imani," padre alisema taratibu. "Hilo la tatu silioni humo."

Mamotlatsi akapandisha. "Ibrahimu alipongoja mtoto mpaka meno yakamtoka, alikuja padre na karatasi kumwambia aache?"

"Ibrahimu aliahidiwa, Mme. Wewe Mungu alikuahidi?"

Nilisikia mvua kwenye nyasi za paa. Malipuo alikuwa amepiga magoti karibu na moto, akichochea samadi tunayotumia kama kuni, iliyokuwa inatoa moshi bila kuwaka, na hakuinua uso.

"Mtoto wa kike huyu ana miaka zaidi ya thelathini," padre alisema.

"Naujua umri wake. Nimemlisha mimi."

"Nitarudi baada ya Pasaka. Fikiri. Usiseme kwa ajili yangu, wala kwa ajili yake. Useme ukweli tu."

Alipoondoka, Mamotlatsi alinigeukia. "Na wewe Mathuso, magoti yamepona?" Nikaondoka.

Kwaresima ikaanza. Kila asubuhi plau ilipigwa kwa nguvu zaidi, au labda mimi ndiye nilisikia hivyo. Na kila asubuhi, Motlatsi aliye safarini. Ee Bwana, utusikie.

Siku moja jua lilitoka baada ya mvua nyingi. Nilikuwa nyuma ya ukuta wangu, unaopakana na ua wa akina Letuka, nikikata mboga. Nikamsikia Mamotlatsi akimwita mkwewe alifue blanketi, kwa kuwa siku ni nzuri. Nikasubiri kusikia maji. Nikasikia sauti ya Malipuo, ndogo, lakini wazi.

"Sifui, Mme."

Kwetu mkwe hamwambii mama mkwe neno kama hilo. Kisu kilinisimama mkononi.

"Unasemaje?"

"Nasema sifui. Nimelifua miaka yote hii. Lilikuja na harufu yake, Mme. Nikaifua mpaka ikaisha. Niliifua mwenyewe kwa mikono hii. Sasa ni blanketi tu."

"Atarudi alikute safi."

"Na mimi atanikutaje? Nikiwa kizee? Wewe unamngoja mwanao, na una Mungu wako mnayeelewana. Mimi mnaniita mama wa mtoto asubuhi mpaka jioni. Yuko wapi mtoto? Nimeanza mvi, Mme. Njoo utazame. Njoo!"

"Kama umechoka, nenda. Mlango sijaufunga."

"Umeufunga." Hapo sauti yake ilivunjika. "Unaufunga kila asubuhi kanisani, na kijiji kizima kinaitikia."

Sikusikia kingine chochote. Nilisimama pale nimeshika mboga zangu, na aibu imenipanda mpaka masikioni, kwa sababu katika kile kijiji kizima nilikuwemo na mimi, benchi la pili, sauti yangu juu kuliko za wengine. Nilijisikia mchafu. Tulikuwa tumemfanya mwanamke mmoja mtakatifu wetu, na mwingine tukamfanya mshumaa wa kumwashia.

Wale wawili hawakusemezana tena. Walikula kutoka chungu kimoja, walikaa benchi moja, na kama jambo lilihitaji kusemwa, lilisemwa kwa kuku au kwa mbwa. Asubuhi moja Mamotlatsi alisoma somo, akafunga kitabu, akasema hana la kutuambia. Haikuwahi kutokea. Hata siku aliyoumwa jino alikuwa na la kutuambia.

Jumapili ya tano ya Kwaresima mto ulikuwa umejaa, padre hakuja. Lakini kanisa lilikuwa limejaa, kwa sababu mahindi yalikuwa bado shambani na watu hawakuwa na kazi kubwa. Injili ya siku hiyo ilikuwa ya Lazaro. Kila mara ilipofika, Mamotlatsi aliingojea kama karamu. Alipenda pale jiwe linapoondolewa na mtu anapotoka kaburini, na akifika hapo alitutazama mmoja mmoja, kama kusema, mmeona?

Alisoma vizuri, mpaka mwisho. Marta analalamika kwamba Bwana amechelewa. Bwana analia. Jiwe linaondolewa. Yule mtu anatoka, mikono na miguu imefungwa sanda, na Yesu anawaambia waliosimama pale wamfungue, wamwache aende.

Tukakaa. Yeye akabaki amesimama, kidole chake kikiwa bado kwenye ukurasa.

"Hapa mwisho," alisema, "sijawahi kupatazama vizuri." Akakohoa. "Bwana amefanya lile kubwa yeye mwenyewe. Amemwita mtu kutoka kwa wafu. Lakini kumfungua hakumfungua yeye. Aliwaambia wale waliokuwepo. Jirani zake, dada zake. Kazi hiyo aliwaachia watu. Nimesoma hapa miaka mingi nikimtazama anayetoka kaburini. Nikasema ni mwanangu huyo. Sikuuliza ni nani mwingine amefungwa humu ndani, akiwa mzima, na ni mkono wa nani umemfunga."

Hakumtazama Malipuo. Sisi ndio tulimtazama, na yeye alikuwa ameinamisha kichwa mpaka hatukuuona uso wake.

"Na Marta," Mamotlatsi aliendelea, na sauti sasa ilikuwa ya chini sana, yeye ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwambia apaze. "Marta alisema anaamini ndugu yake atafufuka siku ya mwisho. Alilisema jiwe likiwa bado mahali pake. Mimi nilimwambia Mungu, niondolee jiwe kwanza, ndipo nitaamini. Nikaiita hiyo imani. Na nyinyi mkaniita mtu wa sala." Akafunga kitabu. "Tusali."

Tukasimama. Aliwaombea wakuu wa Kanisa, akaombea mvua ipungue, akawaombea walio hai. Alimtaja mtoto wa Matseko mwenye kifaduro. Aliwataja walio shuleni. Aliwataja wasafiri, mmoja mmoja, na alipomaliza alivuta pumzi, nasi midomo yetu ilikuwa tayari kuitikia lile jina tulilolizoea. Hakulitaja. Alipita.

Kanisa liliganda. Nilimwona Sekhobe, aliyekaa siku zote upande wa wanaume karibu na mlango, akishika benchi la mbele kwa mikono miwili.

"Tuwaombee marehemu wetu," Mamotlatsi alisema. Akamtaja mumewe. Akamtaja katekista. Akawataja waliokufa mwaka ule. Kisha akasema, "Na Motlatsi Letuka, mwanangu. Umpe raha ya milele, ee Bwana."

Hakuna aliyeitikia. Ninaapa, sala niliyoisema tangu utotoni ilinikauka kinywani. Tulisimama kama watu waliosahau lugha. Mamotlatsi alikuwa amesimama peke yake mbele yetu na joho lake la zambarau la akina mama wa Mtakatifu Ana, anangoja.

Aliyemjibu ni Malipuo. "Na mwanga wa milele umwangazie."

Mwanga. Kwa mtu aliyefia kule chini, kwenye giza lile. Hapo Sekhobe akapiga yowe, yowe la mwanaume aliyelibana tangu alipotoka shimoni, na kanisa zima likalia. Kilio cha miaka yote kilitoka siku moja. Mimi nilimlilia Motlatsi, nikamlilia na marehemu mume wangu, nikajililia na mwenyewe. Malipuo alikwenda mbele, akasimama karibu na mama mkwe wake bila kumgusa. Wakamaliza sala wakiwa wamesimama hivyo.

Mkidhani kwamba baada ya hapo Mamotlatsi alipata amani, hamumjui. Jumatatu plau haikulia. Jumanne haikulia. Jumatano nilipanda mwenyewe na magoti yangu haya, nikaigonga, nikawasha mshumaa, nikasoma somo kwa kukwamakwama. Alhamisi alikuja, akakaa benchi la mwisho, amejifunga blanketi mpaka puani.

Tulipotoka alinikamata mkono. "Unaigonga kama unaogopa kumwamsha mtu."

"Igonge wewe basi."

"Sina hasira na plau," alisema. Tukatembea kidogo. "Nina hasira na yeye aliye juu, Mathuso. Nimemuudhi nini? Nilikuwa na mmoja. Wengine wana saba, wanane, hata majina wanachanganya. Mimi nilikuwa na mmoja."

Nilimuuliza lile tu lililokuwa moyoni. "Bado unamtumaini?"

Alifikiri mpaka tukafika kwangu. "Nilikuwa nimempa Mungu kazi moja. Amlete Motlatsi. Kila asubuhi nilikwenda kumkagua kama ameifanya. Sasa sina cha kumkagulia. Leo nilikaa tu."

"Na yeye?"

"Na yeye alikaa," alisema, kama mtu anayekubali jambo asilolipenda. "Hakuondoka."

Baada ya Pasaka padre alikuja na karatasi zake. Safari hii Mamotlatsi mwenyewe aliniambia nikae. Aliapa mkono juu ya Injili, kisha akasema maneno ambayo padre aliyaandika bila kumkatiza.

"Mwanangu hakuwa mtu wa kunyamaza. Akiwa mgodini, alituma neno kwa kila mtu aliyekuwa anarudi, hata kwa mtu asiyetujua, kwamba mwambieni mama sijambo. Angekuwa hai angekwisha kupiga kelele, na ningesikia. Nimekuwa nikijua, Padre. Nilikuwa nasali ili nisijue."

Padre aliweka kalamu chini, akasubiri, maana na yeye macho yalikuwa yamemlowa. Malipuo alilia kimya kimya. Nilidhani atafurahi, jamani, mlango umefunguliwa. Lakini alikuwa amempenda kijana yule, na mumewe ndiyo kwanza alikuwa anakufa.

Blanketi likazikwa. Sekhobe alichimba kaburi mwenyewe, hakutaka msaada, na alipotoka ndani yake Mamotlatsi alimpa mkono kumvuta. Ni jambo dogo, lakini wote tuliliona. Malipuo akavikwa kitambaa cheusi, akakivaa muda wake wote bila kukipunguza hata siku, na Khethisa akangoja kwenye bonde lake bila kutia mguu kijijini. Majibu ya askofu yalipofika, kitambaa kilishavuliwa. Walifunga ndoa kanisani kwetu wakati mipichi imechanua. Wazee wa ukoo walinung'unika kuhusu ng'ombe waliomtolea Malipuo kama mahari, wakitaka warudishwe. Mamotlatsi aliwaambia wakamdai Motlatsi.

Siku ya kuondoka, punda walipakiwa mizigo asubuhi. Khethisa alitangulia nao mpaka njia panda, kwa heshima, ili wanawake waagane. Mamotlatsi na mimi tulimsindikiza Malipuo mpaka mwisho wa mashamba. Pale alisimama, akakataa kwenda. Alimshika mama mkwe wake nguo, na lile alilokuwa amelificha tangu ile Jumapili likamtoka.

"Na akirudi, Mme?"

Ni swali lililokuwa vinywani mwetu wote, tukalimeza. Mamotlatsi hakushtuka. Nadhani alikuwa ameshaamka nalo asubuhi nyingi.

"Atarudi," alisema. "Siku ya mwisho, na wengine wote. Na siku hiyo watu hawaoi wala hawaolewi, Bwana alishasema. Kwa hiyo huna kesi, mwanangu."

Malipuo akacheka, akacheka na kulia kwa pamoja, mpaka akalazimika kuchuchumaa. Mamotlatsi naye akachuchumaa, kwa shida, akamshika mashavu.

"Sikiliza. Mimi ndiye mzee. Nitatangulia, nitamkuta kabla yako. Nitamweleza yote mimi mwenyewe. Kwamba ulimngoja. Kwamba ulimfulia. Kwamba niliyekwambia uende ni mimi, si wewe uliyeomba. Atapiga kelele kidogo, unamjua. Kisha ataelewa."

"Utamwambia?"

"Nitakuwa na nini kingine cha kufanya huko? Haya, nenda. Mwanaume wa watu anapigwa na jua."

Malipuo akaenda. Hakugeuka, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa amemkataza tangu nyumbani. Mamotlatsi alibaki amechuchumaa pale pale, midomo inamcheza, na nilipomwinamia nisikie anasali nini, nilisikia jina la Malipuo, miongoni mwa walio hai.